Mama Mkwe Wangu ni Mashuke

Kasulu nzima imezaliwa Januari mosi. Hapo nimetia chumvi, lakini si nyingi. Kaa nyuma ya kaunta ya steshenari kama yangu, jirani na stendi, utoe fotokopi za vitambulisho vya watu wanaoomba mikopo, viwanja na kazi za sensa, utaona ninachokiona kila siku: 01/01/1958, 01/01/1964, 01/01/1972. Si uongo wa mtu. Mzee akiulizwa na karani alizaliwa lini, hujibu kwa ukamilifu kabisa: mwaka ule wa Operesheni Kigoma, tulipohamishiwa vijijini, mama alinizaa nyumba bado haijaezekwa. Karani anaandika 1972, anatazama vile visanduku vya siku na mwezi vilivyobaki vitupu, anatazama foleni iliyofika mpaka chini ya mwembe, na kalamu inaamua yenyewe.

Kwenye kambi za wakimbizi nako ni vilevile. Nyarugusu imekuwa ikipokea watu kutoka Kongo tangu 1996, wengi wakiwa wametoka na roho zao tu, karatasi zimebaki kwenye nyumba zilizoungua. Anayekumbuka mwaka peke yake huandikiwa Januari mosi. Na Warundi waliokimbia mwaka 1972, walipoanza kupelekwa Marekani kuanzia 2007, wapo walioondoka na tarehe hiyohiyo mfukoni. Nawaza karani wa huko akifungua jalada la familia: baba, mama, shangazi na babu, wote keki moja.

Jambo hili halimsumbui mtu. Linaanza kusumbua siku unapoamua kuuza vitabu kwa nyota.

Wazo lilikuja na mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyetujia kutoka Dar es Salaam akisubiri majibu ya chuo. Alitazama duka siku mbili bila kusema kitu, halafu akasema: "Mjomba, hii rafu ya nyuma ni kaburi." Hakukosea. Duka langu linaishi kwa madaftari, kalamu, fotokopi na vitabu vya mtihani. Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Ngoswe vinatoka kwa sababu Baraza la Mitihani lipo. Mtihani ukipita, mtoto huyohuyo anarudi kuniuzia kwa nusu bei, na majibu ameshayaandika pembeni. Lakini rafu ya nyuma, yenye Shaaban Robert, Kezilahabi, Adam Shafi, Elvis Musiba, na Ben Mtobwa ambaye ni mwana wa Kigoma hii hii, ilikuwa na mjusi mmoja mwenye makazi ya kudumu. Mpwa akanieleza kwamba huko Ulaya na Marekani wapo wauza vitabu wanaompangia mteja kitabu kwa nyota yake. Simba anapewa chake, Samaki chake. Mteja hahitaji kujua kitabu, anahitaji kujijua yeye.

Nyota zenyewe hazikuwa ngeni kwetu. Mtu wa umri wangu amekua na utabiri wa Sheikh Yahya Hussein magazetini na redioni, mpaka alipofariki Mei 2011, na najua watu wazima, wenye vyeo, waliokuwa hawafungi safari bila kusoma nyota zao kwanza, halafu wanakunja gazeti upande wa michezo ili wasionekane. Na sisi wa Kigoma tuna kisa chetu cha ziada. Ukisema tu Dar es Salaam kwamba unatoka Kigoma, mtu anasogeza kiti nusu hatua, kisha anakusogelea na kuuliza kwa sauti ya chini kama una mzee yeyote unayemfahamu. Kwa nini sifa hiyo tubebe bure, isituuzie hata kitabu?

Basi kibao kikachorwa: KITABU KWA NYOTA YAKO, NJOO NA TAREHE YA KUZALIWA. Mpwa akapanga rafu upya kwa mantiki ambayo mpaka leo naiona ni nzuri. Mizani alipewa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969, kwa kuwa Shylock anaingia mahakamani na mizani yake tayari kupima ratili ya nyama ya mtu. Mapacha akapewa Adili na Nduguze. Ng'ombe, Utubora Mkulima. Mshale akapewa Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, kwa sababu Gurnah mwenyewe alizaliwa 20 Desemba 1948, na mtu aliyechukua Nobeli mwaka 2021 anastahili kupewa nyota yake mwenyewe kwanza. Nge, Kikosi cha Kisasi. Na Mbuzi, ambaye ni wa kuanzia 22 Desemba mpaka tarehe 19 au 20 Januari, akapewa Kusadikika, kwa sababu Shaaban Robert alizaliwa 1 Januari 1909. Angekuwa si Shaaban Robert, ningesema tarehe hiyo aliandikiwa na karani wa kwetu.

Nadhani umeshaona shimo lilipo. Mteja wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda. Akatoa kitambulisho kwa madaha, mpwa akasoma, akasema: "Wewe ni Mbuzi." Kijana akanitazama mimi. "Bosi, huyu dada ananiita mbuzi?" Nikamweleza kwamba ni nyota, ya Jadi, nyota ya watu wavumilivu na wenye malengo. Akatulia kidogo, akalipa. Akaja wa pili, Mbuzi. Akaja mama wa mitumba, Mbuzi. Walimu wawili, Mbuzi na Mbuzi. Ilipofika jioni nilikuwa nimemaliza nakala zangu zote za Kusadikika na kuwaita mbuzi watu wazima ambao nikipata msiba ndio watakaonichimbia kaburi. Hapa Buha, kwetu Waha, ng'ombe ni mahari, ni fidia, ni jina la heshima. Mbuzi ni wa kuchinja mgeni akija ghafla. Watu wakaanza kuja dukani kukata rufaa.

Rufaa ndiyo iliyonifundisha kalenda ya kweli ya nyanda hizi. Mzee mmoja wa Heru Juu, Mbuzi kwa mujibu wa kitambulisho, alikataa katakata. Mama yake alimwambia alizaliwa maharage yakiwa yameanza kukauka shambani. Mpwa akafurahi: maharage ya msimu wa kwanza hukauka kuelekea Januari na Februari, kwa hiyo mzee ni Ndoo. Lakini maharage huvunwa tena mwaka ukifika katikati, kwa hiyo anaweza pia kuwa Mapacha. Akaitwa dada yake mkubwa, bibi aliyekuja kwa fimbo na mjukuu. Bibi akasema maharage hayana habari, yeye ndiye aliyembeba mtoto huyu mgongoni siku ya pili, na siku hiyo watu walikuwa wanasubiri mvua ya kupandia, ardhi imepasuka. Maana yake Oktoba. Mizani, au mvua kama ilichelewa, Nge. Wakabishana mbele ya kaunta mpaka wateja wa fotokopi wakaingilia, kila mmoja na ushahidi wa shamba la babu yake. Mwishowe mzee akachukua Mabepari wa Venisi, si kwa sababu alikubali Oktoba, bali kwa sababu jina la Mwalimu lilikuwa kwenye jalada, na akamwambia dada yake: "Nimekubali kuwa Mizani, lakini ya mvua iliyochelewa."

Watu wa bara tumezitazama nyota siku zote, ila si kwa ajili ya kujijua. Kilimia, ambacho wataalamu wanakiweka ndani ya Ng'ombe, kikionekana jioni upande wa mashariki mwezi Novemba, mkulima anatazama jembe, hatazami roho yake. Na ukitaka kumwona Nge mwenyewe, njoo Kasulu usiku wa Julai, kiangazi, umeme ukikatika: yuko juu upande wa kusini, mkia umepinda kabisa, hahitaji kuelezwa.

Habari zikafika mpaka Ujiji. Akaja maalimu mmoja, mpole, kanzu safi, amepanda basi kwa shughuli zake za udi na vitabu vya dua, akasikiliza kesi mbili tatu pale kaunta, akacheka. Akasema tunajichosha. Wazee wa pwani na wa Ujiji hawahitaji tarehe. Unachukua jina la mtu na jina la mama yake, unayaandika kwa herufi za Kiarabu, kila herufi ina hesabu yake ya abjadi, unajumlisha, unagawanya kwa 12, kinachobaki ndiyo nyota. Hapo nikaona tumepona: tarehe mtu anaweza kuisahau, lakini nani amesahau jina la mama yake? Tukaanza na mapacha wa jirani. Mapacha wa kwetu hawana shida ya majina, wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi, dunia nzima ya Waha inajua. Lakini abjadi haikuwekwa kwa ajili ya Kiha. Maalimu akauliza, hiyo "u" ya "Bukuru" inaandikwa kwa wau au kwa damma peke yake? Wau ni 6. Sita ni nusu ya 12. Kwa hiyo wau moja tu ikizidi au ikipungua inamtoa mtu upande mmoja wa mbingu inampeleka upande wa pili: aliyekuwa Ng'ombe anakuwa Nge, aliyekuwa Simba anakuwa Ndoo. Bukuru akawa anarukaruka hivyo pale kaunta kadiri maalimu alivyobadili tahajia, na Butoyi, tumbo moja, siku moja, akaangukia kwingine kabisa. Mama yao akauliza kama bei ni ileile kwa wote wawili.

Mtu aliyenipa taabu ya kisomi alikuwa ticha mmoja wa Kiingereza, mteja wangu wa chaki. Akasimama mlangoni siku yenye watu wengi akasema huu ni ushirikina, na kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe alipomtafsiri Shakespeare, kwenye Juliasi Kaizari, alimweka Kasio akimwambia Bruto kwamba makosa ni yetu wenyewe na nyota hazihusiki. Watu wakanigeukia. Nikamuuliza ticha: na Kasio aliishia wapi? Akanyamaza, maana anajua aliishia kwenye upanga. Nikaendelea: na yule mtabiri aliyemwonya Kaizari ajihadhari na katikati ya Machi, alikosea? Kaizari aliuawa 15 Machi, ndani ya Samaki, siku ileile aliyoambiwa. Ticha akasema hilo ni jambo jingine. Akanunua chaki, na kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, akataja tarehe yake kwa sauti ya chini. Alikuwa Simba, mwenye cheti cha hospitali. Akaondoka na Kasri ya Mwinyi Fuad chini ya kwapa.

Nisingependa umdharau ticha, kwa sababu baadaye aliniletea hoja iliyonikalia kichwani kuliko ile ya Kasio. Nyerere alizaliwa 13 Aprili 1922. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Namagondo, Ukerewe, alizaliwa 13 Aprili 1944. Siku moja, nyota moja. Magazeti yetu mengi huiita nyota hiyo Punda, mengine Kondoo. Kwa heshima ya Baba wa Taifa, dukani kwangu ni Kondoo. Sasa Kondoo wa kwanza akatangaza Azimio la Arusha 1967 na kutuhamishia vijijini. Kondoo wa pili akaandika Dunia Uwanja wa Fujo, 1975, ambamo mtu anaona mali yake inachukuliwa kwa jina la ujamaa, anamuua mkuu wa wilaya na kunyongwa. Halafu 1979 akarudi na Gamba la Nyoka, juu ya vijiji hivyohivyo. Ticha alitaka nikiri kwamba nyota imeshindwa. Mimi nikaona imeshinda mara mbili: hakuna mwingine aliyekuwa na ubishi wa kumtosha Kondoo isipokuwa Kondoo. Nikaviweka vitabu vyao pamoja rafu moja, mgongo kwa mgongo.

Na hapa niseme ninachoamini, kwa sababu watu wananiuliza kama naamini. Vitabu katika nyanda hizi vimekuja siku zote kama dawa ya minyoo, foleni moja na kipimo kimoja. Serikali imeleta vya mtihani, misheni imeleta vya sala, mashirika ya makambini yameleta vya kunawa mikono. Vyote vizuri. Lakini sikumbuki mahali ambapo mtu mzima wa Kasulu, mwenye mashamba na wajukuu, aliwahi kuulizwa kabla ya kupewa kitabu: wewe ni nani, ulizaliwa lini, mama yako alikuwa anafanya nini siku hiyo? Kaunta yangu iliuliza. Watu walikaa nusu saa kwenye benchi wakieleza maharage na mvua, na baada ya kueleza yote hayo, mtu anaona aibu kutokusoma kitabu kilichotokana na maisha yake mwenyewe. Hayo ndiyo yaliyomfukuza mjusi.

Sasa nifike kwa mama mkwe, ambaye ndiye sababu ya watu wa Kibondo kunisalimia kwa namna wanayonisalimia.

Mama mkwe wangu anaishi Kibondo, na yeye ni miongoni mwa wachache wenye tarehe isiyo na ubishi. Wakatoliki wa umri wake wana bahati hiyo: padre alibatiza haraka, akaandika kwenye daftari la parokia, na jina la ubatizo likabeba sikukuu. Alizaliwa 8 Septemba, siku Kanisa linapoadhimisha kuzaliwa kwa Bikira Maria. Kwa hiyo ni Mashuke, ile nyota ambayo Wazungu humchora bikira ameshika shuke la ngano. Mimi nilikuwa Kigoma mjini kufuata mzigo wa madaftari. Mke wangu akamwambia mpwa: mama anatimiza miaka, tumpelekee kitabu cha nyota yake. Mpwa, ambaye alisoma mchepuo wa sayansi, akapita na kidole kwenye rafu akitafuta chochote cha bikira, kidole kikasimama kwenye jina zuri la Kilatini, jina la Mama Maria mwenyewe kwenye litania. Wakakifunga kwa karatasi ya maua, wakampa konda wa basi la Kibondo.

Niliporudi nikauliza wamempelekea nini. "Kile cha Bikira Maria," mke wangu akasema. "Rosa Mistika."

Nikakaa juu ya katoni. Kwa ambaye hajakisoma: Rosa Mistika ni riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, 1971, habari ya binti aliyelelewa kwa fimbo na baba mlevi aitwaye Zakaria, akatoka nyumbani bila kujua lolote la wanaume, na dunia ikamfundisha yote kwa mara moja, mpaka mimba, mpaka kifo. Mwandishi alikuwa amesoma seminari ya Nyegezi, kwa hiyo alijua alikolitoa jina. Kwa muda kitabu kilipigwa marufuku mashuleni. Na mimi ndiye mkwe. Kwetu mkwe na mama mkwe hata chakula hawatazamani wakila, seuze kupelekeana habari za mabweni.

Nikampigia konda. Akasema wameshapita Makere. Nikamwambia mzigo wa Kibondo arudi nao. Kimya kidogo, kelele za injini, halafu: "Bosi, huyu Zakaria ni mtu gani? Binti kaandikiwa barua tu, kipigo chote hicho?"

Lazima nieleze kuhusu konda. Vitabu vyote vya Kibondo hupita mikononi mwake, na karatasi ya maua haijawahi kumzuia. Enzi za vumbi na tope, basi likikwama masika kabla ya kuvuka Malagarasi, abiria wanashuka kusukuma na yeye, kwa kuwa ni mkuu wa chombo, anasimamia huku anasoma. Kitabu kilikuwa kinafika Kibondo na alama ya dole jekundu ukurasa wa 90. Lami ilipoanza kufika, kila mtu alishangilia isipokuwa yeye. Sasa, anasema, ukivuka daraja hujamaliza sura mbili, mara Nduta, mara stendi, na mwenye mzigo keshasimama pale na simu mkononi.

Ndivyo ilivyokuwa. Mama mkwe alikuwa keshasimama stendi.

Yakapita majuma bila neno. Mke wangu akipiga simu, mama anasema wazima, mihogo imekubali, kitabu kizuri. Kizuri kivipi, sikuweza kuuliza. Kisha ikabidi twende Kibondo kwenye kipaimara cha mtoto wa shemeji, na mimi nikaingia ile nyumba kwa heshima zote, macho chini, nikaketi sebuleni peke yangu kama mgeni wa serikali. Ukaletwa ugali wa muhogo, migebuka ya mawese. Nikasikia wanawake wanaingia uani, mmoja baada ya mwingine, na salamu zile ndefu za Kiha na makofi yake. Walikuwa wa jumuiya ndogondogo. Wamekuja, mke wangu akaninong'oneza, kumwona mkwe wa kitabu.

Mama mkwe akazungumza kutoka nyuma ya pazia la mlango wa uani, akimtumia binti yake, ingawa mita moja ilitutenganisha na Kiswahili kilikuwa kimoja. "Mwambie baba, jumuiya inashukuru. Tulikuwa tunasoma kila tukimaliza rozari."

"Mwambie mama nashukuru," nikasema kwa pazia.

"Mwambie baba, hukumu yetu ni kwamba mwenye kosa ni Zakaria. Tulipiga kura. Wawili tu walimlaumu binti, na hao wawili wana watoto wa kiume watupu."

Sikujua pazia linajibiwaje hapo. Sauti nyingine, ya mwenyekiti wa jumuiya kama nilivyokuja kuambiwa, ikadakia bila kupitia kwa mtu: "Ila sura zile za shuleni kwa wale wanaume hatukuzisoma kwa sauti, mwanetu. Tuliziruka." Uani kukawa kimya kidogo. "Tulizisoma kila mtu kwake. Kitabu kililala nyumba kwa nyumba, kwa zamu." Hapo kicheko kilichotoka nyuma ya pazia kilinifanya niangalie sana mgebuka.

Tangu siku hiyo Kibondo imenipa wateja kuliko Kasulu, na karibu wote ni wanawake wenye rozari. Mama mmoja wa jumuiya hiyo alimkuta mume wake akiwa amelewa pombe ya ndizi, akamsomea ukurasa wa Zakaria kitandani, na nasikia mume alisikiliza mpaka mwisho, akauliza nani amempeleleza.

Si kila kitu kilikwenda vizuri hivyo. Kuna kaka mmoja alikuja kwa mlango wa nyuma wakati wa magharibi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, akataka kile kitabu alichoambiwa kinaitwa Vuta N'kuvute. Hakutaja nyota, hakutaka risiti, alilipa bila kupunguziwa. Nikafurahi: riwaya ya Adam Shafi ya 1999, mojawapo ya zilizo bora tulizo nazo, na msomaji anakuja kuitafuta usiku! Alirudi mwezi uliofuata amenuna. Amekisoma chote, akasema, Yasmini na Denge anawajua kama ndugu zake, Waingereza wa Unguja amewachukia inavyotakiwa, lakini hajaona mahali palipoandikwa dawa inachanganywaje, na yule binti wa Murufiti ndiyo kwanza kaolewa. Nikamwambia hii ni riwaya. Akasema hilo amelijua kuanzia sura ya pili, ila alidhani mambo mazito yamewekwa mwishoni kwa usalama. Akanunua Dar es Salaam Usiku, akanionya nisimwambie mtu.

Kinachonitatiza siku hizi ni kufoji. Nchi hii ina uzoefu wa kuchezea umri. Mwaka 2005 Serengeti Boys waliondolewa kwenye mashindano ya Afrika ya vijana chini ya miaka 17 kwa sababu hiyohiyo. Lakini wale walikuwa wanatafuta kombe. Wateja wangu wanatafuta Willy Gamba, mpelelezi wa Kikosi cha Kisasi. Imeshajulikana kwamba vitabu vya risasi viko kwa Nge, basi ghafla watu wa Kasulu wanakumbuka kwamba walizaliwa mwezi Novemba, mvua ikinyesha, na wana shangazi wa kuthibitisha. Yule kijana wa bodaboda, Mbuzi wa kwanza, amekuja na hati ya kiapo ya mahakama ya mwanzo, ina muhuri. Mpwa wangu ameshakwenda chuoni, ameniachia ubao na maneno kwamba nisilegeze kanuni. Ninalegeza. Mtu akiingia gharama ya kuapa mbele ya hakimu ili asome kitabu, mimi ni nani?

Juzi simu ikaita, konda, yuko Kibondo anapakia. Mama mkwe amefika stendi mwenyewe. Anasema wamemaliza Kichwamaji, na kwamba amefikiria sana: ile 8 Septemba ni ya daftari la padre, na marehemu bibi aliwahi kudokeza kwamba ubatizo ulitangulizwa. Nikamuuliza konda, mtoto anabatizwaje kabla ya kuzaliwa? Akasema hayo yeye hayajui, ameagizwa tu niandike Nge.

"Mwambie mama Kikosi cha Kisasi kitapanda na basi la kesho."

"Kesho siyo," konda akasema. "Kile cha wiki iliyopita nilikishusha Willy Gamba amefungwa kamba. Nakuja nacho hichohicho, nimemwomba mwenyewe aniazime. Mama apelekewe keshokutwa."

Nikasikia sauti ya mama mkwe pembeni ya simu, bila pazia, ikimuuliza nani amefungwa kamba, na wapi.